Breka Zisizo na Kazi

Siku hizi nikikaribishwa nyumbani kwa mtu, kabla sijaketi vizuri macho yangu yameshapanda ukutani kutafuta men swichi iko wapi. Natazama breka zipi zimepanda na zipi zimeshuka, na kama nimezoeana na mwenyeji namuuliza: hii ya nini? Wengi hucheka. Jibu la kawaida ni, "Hiyo haina kazi, achana nayo." Jibu hilo nimeishi nalo miaka mingi katika nyumba aliyotuachia baba hapa Ngamiani, Tanga, na lilinitosha kabisa, mpaka masika yaliponibadilisha.

Baba alikuwa mtu wa mipango. Wakati majirani wanafunga men swichi ya njia nne, yeye alifunga ya njia kumi. Sita zinafanya kazi hadi leo: taa, soketi na hita ya maji ya kuoga. Nne zilikuwa zimekaa tu, kila moja na historia yake. Ya kwanza ilikuwa ya pampu ya kisima, na kisima kilipoanza kutoa maji ya chumvi pampu ikang'olewa. Ya pili ilikuwa ya jiko la umeme ambalo mama aliliuza akarudia gesi na mkaa. Ya tatu ilikuwa ya kiyoyozi cha chumba cha kaka yangu, naye alipohamia Muheza aliondoka nacho. Ya nne haikuwahi kufungwa waya wowote. Baba akiulizwa alikuwa akisema hiyo ni ya kesho.

Mama alizishuku zote nne. Kila uniti za LUKU zilipoisha upesi alinyoosha kidole ukutani na kusema zile zinakula umeme. Hapo sikukubaliana naye na sikubaliani naye hata sasa: breka isiyolisha kitu haili chochote, na mita inahesabu umeme unaopita tu. Lakini alikuwa sahihi kuzitilia shaka, ingawa si kwa sababu aliyoitaja.

Masika yaliposhika, umeme wa nyumba ukaanza kujikata. Haikuwa breka moja iliyoshuka. Ilikuwa RCCB, ile swichi pana yenye kitufe cha kujaribia, na ikishuka hiyo nyumba nzima inalala giza. Tukiwasha pasi, inashuka. Tukichemsha maji kwenye jagi, inashuka. Usiku kukiwa na taa mbili tatu, inakaa bila matata. Tukaamini kabisa kwamba pasi imekufa, tukanunua nyingine, nayo ikafanya yale yale. Friji ikashtakiwa, ikafunguliwa, ikaonekana haina hatia. Watoto wakawa wanakwenda shule na sare zenye makunyanzi.

Fundi wa kwanza aliangalia kidogo, akasema RCCB ni mbovu, dawa yake ni kuiruka kwa kipande cha waya ili umeme upite pembeni. Nilimlipa nauli nikamshukuru. Ushauri huo unatolewa sana mjini, nami nauona wa hatari kuliko yote niliyowahi kuyasikia kuhusu umeme wa nyumbani. RCCB ya nyumbani imewekwa kwa ajili ya mwili wa mtu. Inapima umeme unaotoka kwenye waya wa moto na unaorudi kwenye nyutro, kama bawabu anayehesabu waliotoka na waliorudi, na tofauti ikifika miliampia 30 inakata kabla moyo haujadhurika. Ukiiruka, inabaki pambo ukutani, na wewe unaendelea kulala ukidhani unalindwa.

Fundi wa pili alikuwa kijana mwenye leseni ya EWURA. Alifika na mega, kifaa cha kupimia uzima wa nyaya, ndani ya mkoba, akampigia mama shikamoo, kisha hakugusa kitu. Aliuliza maswali.

"Bibi, hizi nne zilizoshuka zilikuwa za nini?"

Mama akamsimulia zote, na alipofika kwenye kisima kijana akamkatisha kwa adabu. "Samahani bibi. Waya wa pampu uliondolewa, au iliondolewa pampu peke yake?"

Mama akasema mafundi walibeba pampu, waya wakauacha ardhini pale pale.

Kijana akazima swichi kuu, akahakikisha kwa testa, akafungua kifuniko. Nilidhani ataanza kuchezea breka moja moja. Akaziacha, akaenda kwenye bari la nyutro, ule mhimili wa shaba ambamo nyutro zote za nyumba zimefungwa kwa skrubu, akaanza kulegeza waya mmoja baada ya mwingine na kupima. Alipofika kwenye nyutro ya pampu, mega ikaonyesha karibu sifuri. Kwa kipimo cha volti 500, waya mzima unatakiwa kuonyesha angalau megaomu moja.

Maelezo aliyonipa ndiyo yaliyonigeuza. Breka hizi ndogo za kawaida hukata waya wa moto peke yake. Uishushe, uifunge kwa gundi ukipenda, nyutro ya njia ile inabaki imeungana na nyutro za nyumba yote, na eathi yake vivyo hivyo. Kule kisimani ncha za waya wa pampu zilikuwa zimeviringishwa tepu nyeusi ndani ya boksi la plastiki. Tepu ikabanduka kwa joto na chumvi ya pwani, mvua ikajaza boksi, nyutro ikagusana na eathi ndani ya maji. Kuanzia hapo, kila umeme uliporudi kwenye nyutro, sehemu yake ilipotelea ardhini kupitia kisima. Taa mbili zinarudisha umeme kidogo, kilichopotea hakikufika miliampia 30. Pasi inarudisha mwingi, RCCB inaona pengo, inakata. Njia iliyokuwa imezimwa tangu watoto wangu hawajazaliwa ndiyo iliyokuwa ikitunyima pasi.

Alipokwenda kisimani alirudi na kile kiboksi, maji yakivuja. Mama akakitazama akasema, "Si niliwaambia?" Hatukubishana naye.

Baada ya hapo nikamwomba azipitie zote nne, na zote hazikupata hukumu moja. Ya pampu alifungua moto, nyutro na eathi kwenye men swichi, akaung'oa waya kisimani, breka nayo ikatoka. Kitendo hicho kinaacha tundu, na nyuma ya tundu kuna meno ya bari la shaba linalolisha breka zote, yenye umeme wakati wote swichi kuu ikiwa imewashwa. Kwa hiyo alipachika kifuniko cha plastiki kinachotengenezwa kwa matundu hayo. Bei yake ni ndogo sana, lakini nimekuta nyumba ambazo tundu limezibwa kwa kipande cha boksi la dawa ya meno, na nyingine limeachwa wazi, mjusi anaingia na kutoka. Kidole cha mtoto hupita pale bila shida.

Ya kiyoyozi ilinitisha kuliko ya pampu. Waya wake ulikuwa ukining'inia nje ya ukuta, shaba ikiwa wazi, na usalama wetu wote ulitegemea kwamba hakuna mgeni au mtoto atakayepandisha breka ile kwa udadisi. Nao ukaondolewa. Ya jiko, mega ikausifu waya wake: milimita sita, mzima. Akaufungia ncha zake jikoni ndani ya boksi lenye kifuniko cha skrubu, breka ikabaki chini na kibandiko: AKIBA, JIKO. Ya nne, ile ya baba ya kesho, hakuigusa, alikaza tu skrubu zake. Breka tupu ni kifuniko kizuri cha tundu lake, na nafasi ya kuongeza njia bila kununua men swichi mpya ni jambo la maana. Baba alikuwa na hoja.

Tuliandika vibandiko vya njia zote, mama akisoma kwa sauti kila kimoja kabla hakijabandikwa. Sasa taa ya barazani ikisumbua, hata mjukuu anajua breka ya kushusha. Kufungua kifuniko ni habari nyingine, hiyo tunamwachia fundi, maana hata ukizima swichi kuu, nyaya zinazoingia kutoka kwenye mita zinabaki na umeme.

Juzi kaka alipiga simu kutoka Muheza. Breka yake ya taa imeharibika, na amesikia tuna moja ya ampia 32 iliyotolewa, haina kazi, nimtumie kwa basi. Zamani ningeifunga kwenye mfuko siku ile ile. Nikamweleza kwamba breka inalinda waya uliomo ukutani, na waya wa taa ni wa milimita moja na nusu, kazi yake ni breka ya ampia sita au kumi. Ukiuwekea ya 32, siku waya huo utakapozidiwa utaungua darini huku breka imekaa imepanda, haijaona sababu ya kushuka.

"Kwa hiyo unaninyima?" akauliza.

Nikamwambia akanunue ya ampia sita, ya kampuni ile ile ya men swichi yake, na fundi akifika amwonyeshe pia ule waya wa kiyoyozi alichokiuza mwaka jana, kama nao haukuachwa unaning'inia.