"Command Not Found" Haimaanishi Wewe Ni Mjinga

Niseme tu wazi: nimechoka kuona vijana wa huku Turkana wakiacha kujifunza kompyuta kwa sababu ya maneno matatu ya Kizungu, "command not found".

Mdogo wangu wa Lowarengak, mtoto wa mamangu mdogo, alikaribia kuacha mwezi uliopita. Ana laptopu ya mtumba yenye Ubuntu, na masomo ya Python aliyosevu akiwa shule. Kila akiandika `python`, mashine inamjibu hivyo hivyo. Fundi mmoja akamwambia imeharibika, ifutwe yote iwekwe Windows, alipie. Akanipigia mimi Lodwar: "Bro, naona hii kitu si ya watu kama sisi."

Hiyo sentensi iliniuma, kwa sababu mashine haikuwa na shida yoyote. Siku hizi Ubuntu haiji tena na amri inayoitwa `python` peke yake. Inayokuja ni `python3`. Akaongeza hiyo 3, ikakubali. Tarakimu moja tu, na alikuwa karibu kulipa mtu amfutie kila kitu.

Wasee, hebu tuelewe mashine inasema nini. Ukiandika amri, Linux haitafuti kompyuta nzima. Ina orodha fupi ya folda, inaitwa PATH, unaweza kuiona kwa `echo $PATH`. Ni kama kumtuma mtoto akutafutie mjomba: umemwambia aangalie stejini, sokoni na kanisani. Mjomba akiwa ziwani anavua, mtoto atarudi aseme hayupo. Hajasema mjomba amekufa. Amesema tu kule alikotumwa hakumwona.

Kwa hivyo sababu ni chache. Moja, umekosea herufi au jina limebadilika. Mbili, programu iko lakini nje ya hizo folda. Kama faili yake iko kwenye folda uliyofungua na ina ruhusa ya kuendeshwa, weka `./` mbele ya jina. Tatu, programu haijawekwa kabisa. Ile `ifconfig` inayotajwa kwenye video za zamani, kwa mfano, siku hizi Ubuntu haiji nayo. Andika `ip a`, maisha yaendelee.

Hiyo sababu ya tatu ndiyo inatumaliza sisi. Kila mwalimu wa YouTube anakwambia, "Andika tu `sudo apt install git`." Hiyo "tu" ni ya mtu mwenye waifai kwake. Apt inaenda kuchukua programu kwenye intaneti, na programu moja huwa inahitaji nyingine ndio ifanye kazi. Kule Lowarengak, neti ikipotea katikati au bando likiisha, somo limeishia hapo.

Lakini programu ni faili tu, na faili inabebeka. Nikiwa Lodwar niliandika hivi:

`apt-get download git git-man liberror-perl`

Git inahitaji hao wenzake wawili, ndio maana nikachukua zote tatu. Ukitaka kujua programu yako inahitaji nini, andika `apt-cache depends` na jina lake. Nikaziweka kwenye flashi, flashi ikapanda gari linaloenda kuchukua samaki. Dogo akafungua terminali ndani ya ile folda, akaandika `sudo dpkg -i *.deb`, git ikaingia bila bando hata moja. Angalia kitu kimoja kabla ya kupakua: toleo la Ubuntu lifanane kwenye mashine zote mbili. `lsb_release -a` itakuonyesha.

Maoni yangu ni haya. Tunapenda kusema vijana wa kaskazini wako nyuma kwa teknolojia. Mimi nasema wanafundishwa na watu ambao hawajawahi kukosa neti. Dogo hakukosa akili. Alikosa `3`, na faili tatu zinazoingia kwenye flashi ndogo kabisa ya dukani.

Na hii Linux watu wanaruhusiwa kugawana. Jina Ubuntu lenyewe ni la Kiafrika, linatoka kusini, na ni ndugu wa neno letu utu. Ilitoka 2004, ni ya bure, na hakuna wa kukukamata ukimpa jirani nakala. Huo utu tusiuache kwenye nembo.

Kwa hivyo wewe uliye Lodwar au Kakuma, mwenye neti ya chuo au ya ofisi, kabla hujapanda gari kurudi nyumbani, pigia mtu wa kwenu. Muulize ni amri gani inamkatalia, na ana toleo gani. Halafu mbebee.