Harufu Si Povu

Ziko kazi ndogo ambazo mtu hudhani anazijua, kwa sababu ameziona zikifanywa tangu utoto wake. Kunyoa ndevu ni mojawapo. Sisi tulimwona baba yetu akinyoa kila asubuhi kabla ya kwenda kufundisha shuleni, mbele ya kioo kidogo kilichotundikwa ukutani, nasi tulidhani ya kuwa kwa kumtazama tumejifunza. Lakini siku tuliposhika wembe ili tumnyoe yeye mwenyewe, tulitambua ya kuwa tulikuwa tumetazama tu.

Baba yetu sasa ni mzee wa miaka 84. Anakaa nasi hapa Lubumbashi. Mkono wake wa kuume unatetemeka, hawezi tena kushika wembe. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi padri wa parokia humletea Komunyo takatifu nyumbani, na siku hiyo ndiyo sikukuu yake. Mdogo wetu, anayefanya kazi Ubelgiji, alimtumia zawadi: sabuni ya kunyolea, ya duara, ngumu kama jiwe, ndani ya kibakuli cha mti, yenye harufu ya msandali, pamoja na brashi mpya. Kibakuli kilipofunguliwa harufu ikajaa nyumba nzima. Jirani wakaja kunusa, wakasema: "Mzee huyu ana mtoto kweli kweli!"

Kisha sabuni ikawekwa juu ya kabati, karibu na sanamu ya Bikira Maria, ikakaa huko majuma matatu. Na majuma hayo matatu ndevu za baba ziliota. Sisi tulikuwa na kazi, mama wa watoto alikuwa na biashara yake sokoni, watoto walikuwa na masomo. Kila mmoja alisema: "Kesho." Jioni moja ya Alhamisi, mwanzoni mwa mwezi wa Oktoba, baba akapapasa kidevu chake, akatuambia kwa sauti ndogo: "Mwanangu, kesho Bwana anakuja. Je, nimpokee na uso wa mtu aliyetupwa?"

Neno hilo lilituchoma. Kesho yake tukaamka mapema. Tukateka maji ya bomba, tukayachemsha, tukayamimina juu ya sabuni, tukaanza kukoroga kwa nguvu. Povu likatoka, lakini lilikuwa povu la maji ya kuoshea sahani: mapovu makubwa, mepesi, yasiyo na mwili. Tukalipaka mashavuni. Kabla hatujashika wembe, mapovu yalikuwa yamekwisha kupasuka, yakaacha utando mweupe uliokauka juu ya ngozi. Tukaongeza maji, mambo yakazidi kuharibika. Maji yalitiririka shingoni, yakalowesha shati lake safi la Ijumaa. Saa ikapita. Wembe ukawa unakwaruza, na chini ya kidevu tukamkata. Damu ikatoka. Baba hakulalamika, alifumba macho tu, kama mtoto anayedungwa sindano.

Padri alipoingia alimkuta mzee amenyolewa upande mmoja, na kipande cha pamba kimegandamana kidevuni. Baba alimpokea Bwana wake akiwa ameinamisha uso. Padri hakusema neno, lakini sisi hatukuweza kumtazama.

Mtu aliyeshindwa hutafuta haraka wa kumlaumu. Sisi tuliilaumu sabuni. Tukasema: "Harufu tele, povu hakuna. Wametudanganya." Jioni tukaichukua mpaka kwa kinyozi mmoja mzee, anayenyoa karibu na soko tangu tulipokuwa vijana. Akainusa, akaikwaruza kwa ukucha, akacheka.

"Mwanangu," akasema, "sabuni hii ni nzuri kupita zangu zote. Hebu nionyeshe ulivyofanya."

Tukamwonyesha. Akatikisa kichwa. "Uliinywesha kabla hujaila," akasema. "Sabuni ngumu haitaki mafuriko. Haba na haba hujaza kibaba. Tena, maji ulitoa wapi?"

"Bombani, Baba."

"Hapo tena umekosa. Nenda ukatazame ndani ya birika lako, kisha urudi."

Kweli, tulipotazama ndani ya birika tuliona ukoko mweupe umeshika chini na kando. Ukoko huo ni chokaa. Maji mengi ya mji wetu hutoka chini ya ardhi, katika mawe yenye chokaa na magnesiamu. Sabuni ikikutana na vitu hivyo hushikwa navyo, ikawa utando usioyeyuka. Basi sehemu ya sabuni hupotea kabla haijafanya povu lolote. Maji ya mvua hayakupita katika mawe, kwa hiyo hayana chokaa hiyo, na sabuni hufanya kazi ndani yake kwa furaha. Na asiye na maji ya mvua, kinyozi alituambia, ayachemshe maji yake jioni, ayaache yatulie usiku kucha, asubuhi ayamimine polepole bila kutikisa chini. Chokaa haitaondoka yote, lakini sehemu yake itabaki chomboni.

Hapa yafaa tujue sabuni yenyewe ni nini. Kila sabuni hufanywa kwa mafuta yaliyopikwa pamoja na soda au potasi. Bibi zetu walijua jambo hilo zamani: walichukua mafuta ya mawese na majivu ya maganda ya ndizi, na majivu hayo ndiyo yenye potasi. Sabuni ya potasi huwa laini, huyeyuka upesi na kutoa povu kwa wepesi. Sabuni ya soda huwa ngumu. Sabuni ngumu ya kunyolea mara nyingi huchanganya yote mawili, na mafuta yake huchaguliwa yale mazito, yenye asidi ya steariki kwa wingi. Hayo ndiyo hulifanya povu lisimame juu ya shavu bila kuanguka, mpaka wembe upite. Na harufu je? Harufu hutiwa baadaye, ili kumfurahisha mtu. Haifanyi povu hata kidogo.

Baba, alipokuwa mwalimu, hakupenda wanafunzi wake wadhani ya kuwa sabuni ni kitu kilichoshuka kutoka Ulaya. Aliwafundisha ya kuwa katika mwaka 1911 Mwingereza William Lever, mfanya sabuni, alipatana na serikali ya Ubelgiji, akapewa haki juu ya michikichi ya Kongo, na kituo chake kimoja kikaitwa Leverville, ndicho Lusanga ya leo. Wazee wengi walilazimishwa kukwea michikichi na kukata mikungu yake kwa malipo madogo sana. "Mkinawa mikono," alikuwa akiwaambia, "kumbukeni ya kuwa mafuta haya yana jasho la watu." Tulikumbuka maneno hayo tulipoona jinsi tulivyoitupa juu ya kabati zawadi iliyogharimu kazi ya mikono mingi.

Kinyozi akatufundisha kwa utaratibu, nasi tunawapeni mafundisho yake kama tulivyoyapokea.

Kwanza, brashi ilowe katika maji ya vuguvugu dakika tatu au nne, kisha ikung'utwe mpaka isidondoshe tena. Wakati huo weka vijiko viwili vya maji ya vuguvugu juu ya sabuni, yailainishe uso wake, halafu uyamwage. Wakati huo huo uso wa mtu uoshwe kwa maji ya moto ya kiasi, na kitambaa chenye unyevu kikae mashavuni dakika mbili au tatu, kwa maana unywele uliolowa hukatika kwa urahisi kuliko unywele mkavu.

Pili, zungusha brashi juu ya sabuni bila kuikandamiza, kama dakika moja nzima. Dakika moja ni ndefu kwa mtu mwenye haraka! Usitazame povu, maana bado. Unalotafuta ni uji mzito unaoshika nywele za brashi. Kosa letu lilikuwa hapo: tulitaka povu kabla ya kuwa na sabuni ya kutosha katika brashi.

Tatu, peleka brashi shavuni au katika bakuli, uzungushe. Chovya ncha ya brashi tu katika maji, uzungushe tena. Matone machache, kisha subira. Matone machache, kisha subira. Povu jema halina mapovu ya kuonekana kwa macho. Ni zito, linang'aa kama maziwa yaliyopigwa, na ukilisugua kati ya vidole viwili linateleza. Likiwa linavutika na kukauka, lataka maji. Likiwa linatiririka, lataka sabuni.

Nne, wembe ufuate upande ndevu zinapolalia. Ndevu zetu sisi Waafrika mara nyingi hujikunja. Unywele uliokatwa chini mno, hasa kwa kunyoa kinyume, waweza kurudi ndani ya ngozi na kuleta vipele na uchungu. Tena wembe uwe wa mtu mmoja. Kuazimana nyembe ni kuazimana damu, na damu yaweza kubeba Sida na ugonjwa wa ini.

Mvua za kwanza zilinyesha mwishoni mwa Oktoba. Tukaweka basini chini ya paa, tukaziacha kwanza mvua zioshe mavumbi ya kiangazi, kisha tukajaza bidoni moja. Ijumaa ya kwanza ya Novemba tuliamka saa kumi na moja za asubuhi. Safari hii hatukuangalia saa. Baba alikaa kitini, kitambaa cha moto mashavuni. Tukazungusha brashi dakika ile moja nzima, tukaongeza matone, tukasubiri. Povu likasimama jeupe, zito, na harufu ya msandali, ambayo majuma yote ilikuwa ya jirani, sasa ikawa ya baba. Wembe ukapita kimya. Katika kazi hiyo alituhadithia jinsi baba yake alivyonyoa kwa kisu kilichofuliwa na mhunzi wa kijiji, habari ambayo hatukuwa tumeisikia kamwe katika maisha yetu. Miaka mingi tumekaa naye nyumba moja, na hatukuwa tumepata nusu saa ya kukaa uso kwa uso!

Padri alipoingia, baba aliinua kichwa.

Tangu siku ile tumemnyoa kila Jumatano na kila Jumamosi, na mtoto wetu wa kwanza amekwisha kujifunza kukoroga. Sabuni imeanza kuwa nyembamba katikati. Juzi mdogo wetu alipiga simu kutoka Ubelgiji, akauliza kama atume nyingine. Baba akajibu: "Tuma, mwanangu, ni nzuri. Lakini siku moja uilete mwenyewe, unitie povu kwa mkono wako." Upande wa pili ukawa kimya kwa kitambo, kisha tukasikia: "Ndiyo, Baba." Hatujui atakuja lini, lakini nauli ameanza kuiweka.

Wasomaji wapenzi, katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 3, tunaonywa kumsaidia baba katika uzee wake, na kumstahi hata kama akili zake zinapungua. Wengi wetu tunaitimiza amri ya nne kwa zawadi. Tunatuma vitu vyenye harufu nzuri, jirani wanasifu, na mzee anabaki na ndevu za majuma matatu. Zawadi si mbaya. Lakini zataka mkono wa kuzikoroga, maji kidogo kidogo, na mtu asiyetazama saa. Ikiwa nyumbani mwenu yuko mzee asiyeweza kushika wembe, msingoje Ijumaa ya kwanza. Wekeni brashi katika maji leo jioni.