Karani wa Jarida

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa jarida la biashara pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Makala ikifika, kwanza nachomoa ukurasa wenye jina la mwandishi, naufungia kwenye droo, kisha nakala natia kwenye bahasha za kaki na kuzipeleka kwa wapitiaji wasiojua wanamsoma nani. Hiyo ndiyo kanuni. Lakini walimu wa biashara mjini walikuwa wachache, na kila mmoja alimjua mwenzake kwa hoja zake. Kuna mzee alinirudishia bahasha huku anacheka: “Mwambie huyo bwana nimemtambua aya ya pili tu.” Na hapo ni baada ya kumfuata hadi nyumbani mara kadhaa, kila mara jibu ni lile lile: “Kesho, mwanangu.”

Matoleo ya zamani yalisheheni mashirika ya umma: bajeti zake, mameneja wake, hasara zake. Sheria ya mabenki ya 1991 ilipofungua mlango kwa mabenki binafsi, makala nazo zikageuka. Ikawa ubinafsishaji, ushindani, wateja. Aprili 1998 Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza biashara likiwa na kampuni moja tu, TOL, ya gesi za viwandani. Kampuni moja sokoni, makala za hisa tele mezani kwangu! Kitivo chetu cha biashara kilipopandishwa kuwa Shule Kuu ya Biashara mwaka 2008, M-Pesa nayo ndiyo kwanza inaingia nchini, na wachambuzi wakahamia kwenye pesa za simu.

Turudi nyuma kidogo: mwaka ule ule wa 1998 soko la hisa lilipoanza, ndipo African Journals Online ilipoanza kuyaweka majarida ya Afrika kwenye intaneti. Bahasha zikapungua, disketi zikaja, kisha barua pepe. Msomaji wa Accra akaweza kuisoma kazi ya Dar bila kungoja posta, na hilo ni jambo kubwa.

Ila zamani nilikuwa nikimwona meneja wa kiwanda akija mwenyewe kununua nakala. Siku hizi majedwali yamejaa, orodha za marejeo zimerefuka, na mwandishi anaiandikia kamati ya kupandisha vyeo. Wahariri mlioko kazini, wekeni japo ukurasa mmoja wa Kiswahili kwa kila makala, na mfikishieni yule meneja.