Hamu Ikiisha, Biblia Unaifungua Vipi?

Januari kila mtu ni mlokole. Mkesha umeisha, umerudi na ratiba ya kusoma Biblia mwaka mzima, na kalamu ya rangi ya kupigia mistari umeshanunua. Kitabu cha Mwanzo kinakwisha kama mchezo: Yusufu anauzwa, anafungwa, anapanda cheo, raha tupu! Halafu unaingia Kutoka 25, vipimo vya hema, vitanzi, vigingi. Hamu inakuaga hapo hapo.

Hesabu yenyewe hii hapa. Mwanzo ina sura 50, Kutoka 40. Ukisoma sura moja kwa siku tangu mwaka mpya, unaingia Mambo ya Walawi tarehe 1 Aprili, sikukuu ya wajinga. Ukisoma tatu tatu ili ukimbizane na sura zote 1,189, unaingia tarehe 31 Januari, ada za shule zimeshakukausha.

Mimi na mume wangu tulisoma sura moja, saa tatu usiku, watoto wakishalala. Mwaka ule kampuni aliyokuwa akifanyia kazi ikapunguza watu, naye akiwamo. Nyumba ikabadilika. Mwanaume anashinda barazani, mkiongea ni kodi, na mkiongea kodi mnanuniana. Kusoma nako kukawa kukavu. Macho yanapita kwenye mistari, kichwa kinawaza deni la dukani kwa Mangi.

Shoga yangu akanishauri tuache kwanza mpaka hamu irudi, eti kusoma bila moyo ni unafiki. Sikukubaliana naye, na leo bado sikubaliani. Hivi watoto unawapikia siku unayojisikia tu? Saa hatukuigusa, tulipunguza kiasi. Sura ndefu tukaikata vipande. Na siku iliyotupita hatukuilipia! Wengi wanakwama hapa: unaruka siku tano, unajikuta na deni la sura 15, unaona aibu, unaifunga kabisa. Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee kule Scotland, aliwapangia waumini wake ratiba ya mwaka mzima mnamo 1842, na yeye mwenyewe akawatahadharisha kwamba inaweza kugeuka mazoea matupu, au mzigo usiobebeka.

Basi tukafika Walawi 5, zamu yake kusoma. Mtu aliyekosa alete kondoo au mbuzi jike. Asipoweza, hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Asipoweza hata hao, alete unga, kama lita mbili hivi. Mume wangu akanyamaza. Kisha akasema, “Mama, kumbe hata mwenye unga tu amewekewa nafasi yake.” Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu apunguzwe, aliniambia inavyomuuma kuamka asubuhi hana pa kwenda. Tuliongea mpaka saa saba. Wiki iliyofuata, sura ya 12, mzazi asiyemudu mwanakondoo naye anaruhusiwa ndege wawili, na mwenzangu akafunua mbio Luka 2 kunionyesha kuwa Mariamu mama wa Yesu alitoa sadaka hiyo hiyo, ya wasio nacho.

Usidhani kila usiku ulikuwa hivyo. Sura ya 13 na ya 14 ni magonjwa ya ngozi na ukungu wa ukutani, nilisinzia zote mbili. Hesabu ina usiku wa majina na idadi tu, unasoma, unafunga, unalala. Kazi alikuja kupata, ila si kwa sababu ya Walawi (nawaambia mapema wale wapenda shuhuda).

Sasa hivi tupo Zaburi. Ile ya 119 ina mistari 176, kwa hiyo tumeikata nane nane, usiku 22. Jana alisinzia kwenye fungu la tano, nikamalizia mwenyewe kwa sauti ya chini, nikazima taa.