Kutoka Kimemi Hadi Gura

Samaki tunaowala Butembo hutoka bondeni. Hupandishwa kutoka Kyavinyonge, kwenye ufuo wa Ziwa Edward, wabichi au waliokaushwa kwa moshi, kutoka ziwa lililo kwenye kimo cha mita 900 na ushei hadi mji ulio karibu mita 1,800. Kwa hiyo mtu aliyekulia kwetu huona samaki kuwa mali ya nchi ya joto. Vijito vya milimani, vyenye baridi ya kuuma vidole, tumewaachia wafuaji nguo na watoto wanaoteka maji. Mto Kimemi, unaopita mjini kwetu, tumeuachia taka.

Ndiyo maana yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, ambaye hufuata bidhaa Nairobi, aliponiambia kwamba anamfahamu mzee mmoja wa Nyeri anayevua samaki kwenye mito ya baridi kuliko ya kwetu, tena kwa chambo cha manyoya ya jogoo, nilimwomba anichukue katika safari yake ya Januari. Januari na Februari ni kiangazi huko Nyeri kama ilivyo kwetu, na mzee alikuwa amemweleza kwamba huo ndio wakati mto unapokuwa mwangavu hadi chini.

Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54. Asubuhi ile anga ilikuwa safi, na tulipoingia Beni Rwenzori ilionekana yote, na theluji yake juu kabisa, kwenye kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Wasafiri wengi hawakuangalia upande ule. Barabara ya Kasindi, kilomita 80, hukatiza Mbuga ya Virunga, na magari yetu yaliipita kwa msafara uliosindikizwa na wanajeshi. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wameuawa kwa mapanga na risasi, wengi wao mashambani, ukingoni mwa msitu. Mama aliyekaa mbele yangu alisali kwa sauti ya chini kuanzia tulipoondoka hadi tulipovuka daraja la Semliki. Nalitaja hili kwa sababu lilibadilisha namna nilivyouona msitu wa Nyeri siku chache baadaye.

Mpakani, mto Lubiriha unatenganisha Kasindi na Mpondwe. Ukishauvuka, saa husogezwa mbele kwa saa moja, lakini lugha haibadiliki sana: Wakonzo wa upande wa Uganda na sisi Wayira wa Kongo tunasikilizana bila mkalimani, na sokoni Mpondwe niliamkiwa kama niko nyumbani. Baada ya Kasese nilisinzia. Kampala niliona taa tu, na Kenya ilianza gizani.

Nyeri iko kati ya milima miwili, Mlima Kenya upande wa mashariki na safu ya Aberdare, ambayo wenyeji huiita Nyandarua, upande wa magharibi. Mzee alitupokea kituoni akiwa amevaa koti zito na viatu vya mpira. Kabla ya kutupeleka mtoni alisisitiza twende kwanza Kiganjo, mahali serikali inapozalisha trauti, samaki wa mito hiyo ya baridi. Alitaka nianze na yai, alisema, maana anayemjua samaki kwa ndoana tu hamjui.

Trauti si samaki wa asili wa Kenya. Waliletwa, na Kiganjo wanaishi kwenye mifereji ya saruji ambamo maji ya mto hupita bila kusimama. Mfanyakazi mmoja alinionyesha jinsi jike anavyokamuliwa mayai kwa vidole, taratibu, juu ya beseni, kisha mbegu za dume zikakamuliwa juu yake na yote yakakorogwa kwa unyoya. Mayai ni ya rangi ya chungwa, makubwa kuliko nilivyotarajia. Katika maji ya nyuzi 10 huchukua karibu mwezi mmoja kuanguliwa. Maji yakipanda kupita nyuzi 20 samaki mzima huanza kutaabika, na yakikaribia 25 hufa, kwa sababu maji ya moto hayashiki hewa ya kutosha. Halafu akaongeza jambo ambalo niliendelea kulifikiria hadi nyumbani: mtoni, jike hutaga kwenye changarawe safi, na tope likiteremka kutoka mashamba yaliyolimwa hadi kingoni, hufunika mayai na kuyaziba pumzi. Sumu haihitajiki. Udongo wenyewe unatosha kuua kizazi kizima.

Jioni, tukinywa chai, mzee alinisimulia jinsi trauti walivyofika. Mwaka 1905, Mwingereza Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland. Yalisafiri kwa meli hadi Mombasa, kwa reli hadi bara, na mwishowe kwa miguu ya wapagazi hadi mto Gura, huko Aberdare. Nililijua jina la Grogan kwa sababu nyingine. Ndiye yule aliyesafiri kutoka Cape hadi Cairo, na mwaka 1899 alipita kando ya Ziwa Edward, ziwa letu, akielekea kaskazini. Mzee naye alimjua kwa sababu ya tatu: Machi 1907, mbele ya mahakama ya Nairobi, Grogan aliwachapa viboko hadharani vijana wa Kikuyu waliokuwa wakivuta riksho. Mtu huyohuyo aliyehangaika ili mayai ya samaki yafike yakiwa hai na baridi. Mzee aliyasema hayo bila kupaza sauti. Baba yake, alisema, aliwabebea walowezi fimbo za kuvulia na vikapu miaka mingi kwenye mito hii, na hakuruhusiwa hata mara moja kutupa mshipi.

Kwa hiyo sikuuendea Gura kama mtu anayeenda kuona zawadi ya ukoloni. Niliuendea kama mto wa Wakikuyu ambao uliwekewa samaki wa wageni, na ambao sasa una wenyewe.

Tulishuka kupitia mashamba ya chai hadi ukingo wa msitu, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, tukiwa na leseni mfukoni na askari wa wanyama mbele yetu, kwa sababu ndovu na nyati hutumia njia zilezile za kushukia majini. Mto tuliusikia mapema sana kabla ya kuuona. Unateremka kwa kasi juu ya mawe meusi, povu jeupe huku na huku, kisha unatulia ghafla kwenye vidimbwi vya kijani ambamo unahesabu kokoto.

Mzee hakutoa fimbo. Aliingia majini, akainua jiwe, akaligeuza. Chini yake walishikamana wadudu wadogo wa kahawia, wenye mikia kama nywele. Hao ndio chakula cha trauti, akasema, hukua majini kisha hutoka na mabawa na kuruka siku chache tu. Alifungua kijaluba chake. Ndani mlikuwa na ndoana zilizofungwa manyoya ya shingo ya jogoo, uzi na sufu, kila moja ikifanana na mdudu fulani, nyingine ndogo kama punje ya mtama. Hizi zilifungwa Nairobi kwa mikono ya wanawake wa Kenya, na nyingi za aina hiyo huuzwa Ulaya na Marekani, ambako wavuvi wa kiangazi huzitumia bila kuuliza zimetoka wapi. Alichagua ile iliyofanana na mdudu wa chini ya jiwe.

Uvuvi niliouzoea kuuona ziwani ni wa nyavu na mitumbwi. Hata yule anayetumia ndoana huweka kizito kidogo ili chambo kiende mbali. Hapa chambo hakina uzito kabisa. Uzito uko kwenye mshipi, ambao ni mnene na laini, na mwishoni umeungwa uzi mwembamba usioonekana majini. Fimbo huupeleka mshipi nyuma, unangoja unyooke hewani, ndipo unausukuma mbele. Kungoja ndiko kazi. Ukiharakisha, mshipi huanguka kichwani kwako. Ukichelewa, unanasa vichakani. Mzee alisimama nyuma yangu, akanishika kifundo cha mkono na kusema, “Kijana wangu, usiutupe. Uruhusu uende.”

Trauti husimama akielekea mkondo unakotoka, akingoja mto umletee chakula. Mvuvi basi humjia kwa nyuma, kutoka upande wa chini, akiinama, na huangusha chambo juu ya mkondo ili kiteremke chenyewe kama mdudu aliyeng'oka jiweni. Kivuli chako kikifika kwenye maji kabla ya chambo, samaki ameshaondoka. Nilijifunza kutazama jua liko wapi kabla ya kutazama maji. Nilijifunza pia kwamba nyuma ya kila jiwe kubwa kuna sehemu tulivu, na hapo ndipo samaki hupumzika bila kupoteza nguvu.

Trauti alipokamata chambo, sikuona chochote. Mshipi ulisimama tu, kisha ukavutwa pembeni kwa nguvu ambayo sikuitarajia kwa samaki wa mto mdogo. Mzee alinielekeza niinue fimbo na nimwache akimbie. Tulimleta taratibu hadi kwenye maji ya kina kifupi: mgongo wa kahawia, ubavu wa dhahabu, na madoa mekundu yaliyozungushiwa weupe. Kizazi cha Loch Leven, baada ya zaidi ya karne moja kwenye ikweta. Alikuwa mdogo, kwa hiyo alirudishwa. Mzee alilowesha mikono kwanza, ili asimharibie ute wa ngozi, akamshika akielekea mkondo mpaka akapata nguvu na kuchomoka. Baadaye yeye mwenyewe alivua mwingine mkubwa, tukamchoma kwa chumvi tu. Nyama yake ni tamu na laini, ingawa kwa ulimi wangu tilapia wa Kyavinyonge bado yuko juu yake.

Kilichonishika zaidi kilikuwa msitu. Nilisimama ndani ya mto, miti mikubwa pande zote, na baada ya muda nikagundua kwamba sisikilizi hatua za mtu. Kwetu, miaka hii, msitu ni mahali unapopakimbia. Nilimwambia mzee. Akanijibu kwamba katika miaka ya 1950 msitu huuhuu ulikuwa wa vita, wapiganaji wa Mau Mau walijificha humu, ndege za Waingereza ziliudondoshea mabomu, na kiongozi wao, Dedan Kimathi, alikamatwa ukingoni mwake Oktoba 1956. Leo watu wanavua samaki. Hakuongeza neno, na sikutaka aongeze.

Msitu huo haukubaki kwa bahati. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, kwenye miteremko hii, mwaka 1940, na alisimulia jinsi kijito cha utoto wake kilivyokauka baada ya mti wa mugumo uliokuwa kando yake kukatwa. Kazi ya kupanda miti ya Green Belt Movement, aliyoianzisha mwaka 1977, ilitokana na kuona mambo kama hayo. Mto wa trauti ni ushahidi wake ulio wazi kabisa: kivuli hupunguza joto la maji, mizizi huzuia tope, na mahali vyote viwili vilipoondolewa, mzee alinionyesha, hakuna anayetupa mshipi tena.

Sisemi trauti waletwe Butembo. Ni samaki mla nyama, na kumwachia kwenye vijito vyenye viumbe vyao wenyewe kunaweza kuleta hasara isiyorekebishika. Ninachokitaka ni mto wa namna ile. Tunacho kimo, tunayo baridi, tunazo chemchemi. Tulichoondoa ni miti ya asili kwenye kingo, tukapanda mikaratusi inayonywa maji hadi ndani ya mabonde, na tukaugeuza Kimemi kuwa jaa la mji.

Wanafunzi wa kilimo wa Université Catholique du Graben wanaweza kupima joto na tope la Kimemi kila mwezi kwa vifaa vya bei ndogo, na matokeo yakabandikwa sokoni ambako kila mtu atayaona. Na sisi wengine tunayo salongo ya Jumamosi, kazi ya pamoja ya usafi, ambayo mara nyingi huishia kufagia barabara na kusukumia takataka mtoni. Wenzangu wa Butembo, salongo ijayo tuipandishe juu, kwenye chemchemi za Kimemi, tukang'oe mikaratusi iliyo karibu na maji na kupanda miti ya kwetu kabla mvua za Machi hazijaanza.