Bukavu: Kuhamisha seva ya shule bila kupoteza hata jina moja

Kwenyi shule nyingi za mji wa Bukavu, daftari la minerval na la pointi za wanafunzi halikai tena kabatini. Limo ndani ya kompyuta. Na mara ingine kompyuta hiyo yenyewe si chuma cha kushika mkononi: ni mashine pepe, ni kusema kompyuta inayotengenezwa na programu ndani ya seva. Diski yake ni faili tu. Mwenye kukamata faili ile amekamata shule nzima.

Fundi mmoja wa komini ya Kadutu anajua uzito wa neno hilo. Kwa miaka kadhaa alitunza seva ya shule moja ya sekondari, iliyofungwa programu ya VMware ESXi ya bure. Ilifanya kazi vizuri, na hakuna aliyeuliza kitu. Lakini munamo mwezi wa 11 mwaka 2023, kampuni ya Marekani inayoitwa Broadcom ilimaliza kununua VMware. Mwezi uliofuata leseni za kudumu ziliacha kuuzwa. Mteja akatakiwa kulipa kwa muda, na muda ukiisha alipe tena. Mwezi wa 2 mwaka 2024, ESXi ya bure nayo ikaondolewa. Ilirudishwa mwaka 2025, lakini wakati huo wengi walikuwa wamekwisha kuhama.

Seva ya shule haikuzimika siku ile. Ila fundi alifahamu kwamba siku mashine itakapoharibika, itakuwa vigumu kuianzisha upya kwa njia ile ya zamani. Feza ya shule inatoka mifukoni mwa wazazi, na ekonome hakuwa na dola za leseni za kila mwaka. Basi fundi akaomba ruhusa kwa prefe ahamie Proxmox, programu huru inayotengenezwa mjini Vienna, nchini Austria. Prefe alikubali kwa sharti moja: jina la mwanafunzi hata mmoja lisipotee.

Shida ni kwamba kila nyumba ina umbo lake la diski. VMware inatumia VMDK, VirtualBox inatumia VDI, Hyper-V ya Microsoft inatumia VHD na VHDX, na QEMU, ambayo Proxmox inaitegemea, inatumia qcow2. Unga ni ule ule; magunia ndiyo yanatofautiana. Chombo cha kumimina kutoka gunia moja kwenda lingine kipo, na ni cha bure: qemu-img.

Fundi anasema kazi haianzii kwenyi amri ile. Inaanza kwa kuzima mashine pepe vizuri, sawa na mutu anavyozima kompyuta yake mezani. Kisha akatazama snapshoti. Hizo ni alama zinazowekwa ili kuweza kurudi nyuma, na tangu siku alama inapowekwa, kila kitu kipya kinaandikwa kwenyi faili ya pembeni. Seva ile ilikuwa na mbili, zilizosahauliwa kitambo. Kama angechukua faili kubwa peke yake, angehamisha shule ya zamani, bila malipo ya miezi ya mwisho. Alizifuta kwa njia ya ESXi yenyewe, ambayo inaunganisha yote kwenyi diski moja.

Halafu kuna jambo linalodanganya wengi. Kwenyi ESXi, diski moja inakuwa na faili mbili: ndogo ya maandishi, inayoishia kwa .vmdk, na kubwa inayoishia kwa -flat.vmdk. Ndogo inaeleza, kubwa inabeba. Zinapaswa kusafiri pamoja. Na zisiwekwe kwenyi flashi ya FAT32, kwa sababu umbo hilo halikubali faili moja inayopita GB 4.

Baada ya hapo ndipo amri:

qemu-img convert -p -f vmdk -O qcow2 shule.vmdk shule.qcow2

Mara ya kwanza umeme ulikatika kazi ikiwa katikati. Faili mpya ilibaki nusu, haina faida. Lakini ile ya zamani ilikuwa nzima, kwa sababu amri hii inaisoma tu, haiigusi. Fundi alifuta ile nusu, akangoja jenereta, akaanza upya. Kabla ya kuwasha mashine mpya alilinganisha faili mbili kwa qemu-img compare. Ni lazima kufanya hivyo kabla, maana Windows ikishaamka inaanza kuandika, na diski mbili hazitafanana tena.

Jibu lilikuwa zuri, faili zilifanana. Hata hivyo mashine ilikataa kuamka, ikaleta uso wa bluu. Sababu si data. Windows ile ilizoea vifaa vya VMware, na haikuwa na draiva za VirtIO ambazo zinatumika upande wa pili. Dawa ilikuwa kuunganisha diski kwanza kwa njia ya SATA, kuamsha Windows, kuongeza diski ndogo ya VirtIO pembeni, kufunga draiva, kuzima, kisha kuhamishia diski kubwa kwenyi VirtIO. Mwenye kufuata njia hii aangalie pia kama mashine ya zamani iliamka kwa BIOS ama kwa UEFI, na achague ile ile.

Kompyuta ya ekonome bado haikuona seva. Kadi ya mtandao ilikuwa mpya, na anwani ya zamani ilibaki kwa kadi ambayo haipo tena. Fundi akaiandika upya.

Wengi wangeishia hapo na kufurahi. Ekonome hakufurahi bado. Alileta bordero za benki, akaketi mbele ya kompyuta, akasoma moja moja: jina, darasa, kiasi, tarehe. Aliuliza zaidi juu ya wanafunzi wa mwaka wa sita, ambao mtihani wa taifa ulikuwa karibu. Ilichukua siku mbili. Hapo ndipo alipomwambia prefe kwamba shule imefika.

Diski ya zamani haikufutwa. Iko imefungwa ofisini, na fundi amekataa igeuzwe kwa kazi ingine mpaka mwaka wa masomo uishe. Kwa mashule, hospitali na mashirika ambayo yana seva za namna hii, kuna swali moja la kumuuliza fundi wao kabla bei haijabadilika tena: faili yetu iko wapi, na tukitaka kuitoa kesho, inatoka?