Ukuta Wenye Jasho Haufunikwi

Mvua za mwaka zinaposhika na upepo wa kusi ukavuma, kuta za nyumba zetu za Pwani huanza kuota koga. Nguo kabatini hunuka uvundo, na majalada ya vitabu hufanya madoa. Siku hizi pamezuka dawa nyepesi: kuuziba ukuta kwa vibao vya plastiki au vya jipsamu, ili chumba kipendeze na ubaridi wa kiyoyozi usipotee. Jambo hili limetufika nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, nasi tumeona tuwaeleze wasomaji wetu, hususan akina mama.

Chumba chenyewe ni cha mama yetu mzazi, mwenye maradhi ya pumu. Ilisalia miezi miwili harusi ya binti yetu ifike, na vijana wakataka ukuta ufunikwe kabla ya wageni. Fundi alikwisha kupima. Mama akauliza: "Mtu akitokwa na jasho, mwamfunika blanketi?" Vijana walicheka, lakini swali lile lilikuwa na elimu ndani yake.

Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi. Ikigusa kitu baridi, mvuke hugeuka maji, kama tuonavyo nje ya gilasi ya maji ya barafu. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, kitu chochote chenye joto la chini ya nyuzi 26 hulowa. Kiyoyozi hupoza vibao; hewa ya nje hupenya nyuma yake, ikagusa ubaridi huo na kuacha maji mahali pasipo jua wala upepo. Koga huota humo bila kuonekana, na alalaye chumbani huivuta. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2009, lilieleza kuwa wakaao katika nyumba zenye unyevu na koga wamo katika hatari zaidi ya kupata maradhi ya kifua, pumu ikiwemo.

Basi tulianza kwa kuuliza maji yatoka wapi. Tulibandika kipande cha nailoni ukutani, tukaziba kingo zote kwa utepe wa gundi, tukakiacha siku mbili. Matone yakitokea upande wa chumbani, unyevu ni wa hewa: dawa yake ni kuutoa mvuke wa jikoni na bafuni, kutoanika nguo ndani, na kutokipoza chumba kupita kiasi. Yakitokea nyuma ya nailoni, maji yamo ukutani. Yetu yalikuwa nyuma. Bomba la bafu la juu lilikuwa likivuja, na saruji iliyopakwa juu ya mawe ya matumbawe iliyazuia maji yasikauke. Wazee walipaka chokaa, ambayo huuacha ukuta upumue. Saruji na rangi ya mafuta huufunga.

Mama alihamishiwa chumba kingine. Bomba likatengenezwa, saruji ikabanduliwa, chokaa ikarudishwa. Lakini ukuta wenye unene wa karibu dhiraa moja haukauki kwa wiki chache. Harusi ilifika ukiwa bado na baka la kijivu, na wageni waliliona. Binti yetu alihuzunika, nasi hatukumlaumu; ila pumzi za bibi yake zilikuwa na thamani kuliko macho ya wageni.

Mwenye kutaka kufunika ukuta hajakatazwa. Na aukaushe kwanza, arudie jaribio la nailoni hadi pawe pakavu, na kabati aliweke mbali na ukuta kwa shibiri moja. Koga kidogo hufutwa kwa maji ya sabuni, kisha pakakaushwa. Dawa ya kung'arishia nguo isichanganywe na siki wala dawa nyingine, kwani hutoa hewa ya sumu. Na fundi akisema kazi ni ya siku mbili, aulizwe kwanza: maji yaliyomo ukutani yatatokea wapi?